Mnanidai Mabao, Nawadai Mshahara: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti na Kamati ya Klabu Yangu

Kwa Mwenyekiti,
kupitia kwa Katibu Mkuu,
na kwa wanakamati wote.

Kisumu, Januari

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: MALIMBIKIZO YA MSHAHARA, MATIBABU YA PAJA, NA JINA LANGU

Pokea salamu zangu za heshima. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliileta ofisini mwenyewe mwezi Novemba na nakala yangu ikapigwa muhuri. Ya pili nilimpa Katibu mkononi wiki moja kabla ya Krismasi. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na kalamu, akaniambia, "Tutakaa tuiangalie, kijana." Hamjakaa. Simu zangu siku hizi hulia mara moja kisha zikakatika. Ndiyo maana hii ya tatu nimeiweka pale ambapo kila mtu ataisoma.

Jina la klabu sikuliandika, wala jina la mtu yeyote. Ninyi mnajijua, na wachezaji wenzangu watakuwa wameshajua kufikia hapa. Kuna yule mfanyabiashara anayewanunulia vijana wa timu ya pili maziwa na mkate baada ya mazoezi, na sitaki akimbie kwa sababu ya ugomvi wangu.

Nianze kwa kukiri, ili msipate kazi ya kunikumbusha. Msimu uliopita nilifunga mabao 11. Msimu huu nina bao moja katika mechi tisa, na hilo moja beki wao aliligusa kwanza. Mimi ni mshambuliaji, najua kazi niliyoajiriwa kufanya. Nimepiga nje nikiwa hatua sita kutoka langoni. Nimeotea mara nyingi hadi mshika kibendera akawa ananitabasamia. Mashabiki wa Kisumu hawana subira na mtu wa namna hiyo, na siwalaumu. Jumapili moja nikitoka uwanjani, mzee anayeuza njugu pale langoni aliniita, akanipa kifuko bure, akasema, "Kula, labda miguu itapata nguvu." Nilicheka na njugu nikazila.

Kwa hiyo siandiki kudai kwamba mimi ni mchezaji mzuri. Naandika kwa sababu mmeugeuza ukame wangu wa mabao kuwa ruhusa ya kunifanyia lolote.

1. MSHAHARA

Mkataba wangu ni wa misimu miwili, shilingi 35,000 kwa mwezi, na shilingi 5,000 kwa kila ushindi. Tulitia saini juu ya boneti ya gari la Mwenyekiti nje ya uwanja, nikaambiwa nakala yangu ningeletewa. Ilinichukua miezi mitano kuipata, na ukurasa wa tatu haukuwepo. (Ukurasa wa tatu nimeupata baadaye kwa mchezaji mwenzangu ambaye mkataba wake ni ule ule neno kwa neno. Ndio ukurasa unaotaja tarehe ya kulipwa.)

Sijalipwa Septemba, Oktoba, Novemba wala Desemba. Hiyo ni shilingi 140,000. Ongeza mechi tatu tulizoshinda nikiwa uwanjani, 15,000. Toa 5,000 mlizonitumia mwezi Novemba saa tano usiku, na 3,000 za mkesha wa Krismasi zilizokuja na ujumbe usemao "ya nauli". Mnanidai mabao, nami nawadai shilingi 147,000. Mabao hayana tarehe ya kulipwa katika mkataba. Mshahara unayo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi wa mwezi hulipwa mwezi ukiisha. Sijaona humo mahali panaposema "ikiwa amefunga".

2. PAJA LA KULIA

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo kila kitu kilipoanzia, na ndipo mnapopaficha.

Katika mechi ya nne, mwishoni mwa Septemba, nilikimbilia mpira mrefu nikasikia kitu nyuma ya paja la kulia kama uzi wa gunia unaokatika. Nilitoka. Kesho yake palikuwa na weusi wa kiganja kizima. Yule tunayemwita daktari wa timu, ambaye ni kijana mwema na ambaye ninyi mnamtaka anyamaze, alisema nipumzike wiki nne. Alisema mbele ya watu wawili wa benchi la ufundi.

Siku ya tano niliitwa. Niliambiwa mshambuliaji mwingine ana kadi, na kwamba mechi inayofuata ingetazamwa na mtu anayetaka kuidhamini klabu. Mtu mmoja wa kamati alinishika bega akasema, "Dakika arobaini na tano tu, mwanangu." Nilichomwa sindano katika chumba cha kubadilishia nguo nikiwa nimelala kifudifudi juu ya benchi la mbao, chini ya uso wangu kukiwa na njumu za mlinda lango. Mguu ukafa ganzi. Nilicheza dakika tisini.

Nikachomwa tena mechi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Nilikubali, na sehemu hiyo ya lawama naibeba mimi. Lakini mtu ambaye mshahara wake umeshikwa atakataaje kucheza? Mchezaji anayekimbia kwa mguu asiousikia huchelewa nusu hatua kwenye kila mpira. Mlioketi kwenye viti vya plastiki kivulini mliiona ile nusu hatua mkaiita uvivu.

Mechi ya tisa, mwezi Novemba, tulipata penalti dakika ya 81. Wawili waliopangwa kuipiga waligeuza nyuso. Nikauchukua mpira. Nilipouvuta mguu nyuma nilijua. Mpira ukamfika kipa mikononi kama mtu anayemrudishia jirani sufuria. Sikuweza kutembea kutoka pale. Nilibebwa, na kuna watu waliimba.

Hospitalini daktari alisema msuli umechanika zaidi ya mara ya kwanza. Picha na dawa vililipwa kwa mchango wa wachezaji wenzangu, ambao nao hawajalipwa. Klabu haijatoa hata senti. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtwika mwajiri gharama za kumtibu aliyeumia akiwa kazini. Kama dakika ya 81 mbele ya mashabiki nikiwa nimevaa jezi yenu si kazini, sijui kazini ni wapi.

Mnajua nilivyojitibu? Kila jioni nilipanda boda hadi ufuoni, kwa akina mama wanaouza samaki. Wana barafu. Mmoja wao hunivunjia kipande kwa nyundo, anakifunga kwenye karatasi ya plastiki, anakataa pesa. Barafu ile hunuka mbuta. Nimeiweka pajani kila usiku kwa wiki saba, na mashuka yangu yote yananuka ziwa. Mwenye nyumba wangu kule Manyatta, ambaye namdai subira ya kodi ya miezi miwili, aliniuliza kama nimeacha mpira nikaingia uvuvi.

3. KUTENGWA

Hili nilipitishe haraka. Baada ya ile penalti niliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Nikaamriwa nije mazoezini saa nane mchana, peke yangu, wakati timu hufanya saa kumi na mbili asubuhi. Kabati langu limefunguliwa. Jezi yangu nimeiona mgongoni mwa kijana wa miaka 17 ambaye aliniomba radhi kwa macho. Sikupewa barua ya onyo, sikuitwa kikaoni.

Sheria hiyo hiyo ya Ajira, kifungu cha 41, inasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utendaji mbaya lazima amweleze sababu hizo kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, akiwa na mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Mimi naelewa Kiswahili, Kilogooli, Kijaluo cha sokoni na Kiingereza cha kidato cha nne. Mngechagua mojawapo.

4. JINA LANGU

Mwezi Desemba, katika kipindi cha michezo redioni, mmoja wenu aliulizwa kuhusu ile penalti. Akacheka. Akasema, "Siku hizi kuna vijana wanacheza na mikeka yao mfukoni." Mkeka ndio tiketi ya kubashiri mechi kwa pesa. Mtangazaji akamuuliza kama anamaanisha niliuza mechi. Akajibu, "Mimi sijasema. Mwenye masikio amesikia."

Mheshimiwa Mwenyekiti, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mshahara nitadai, paja litapona. Lakini kuuza mechi ni kosa ambalo mchezaji anaweza kufungiwa maisha kwalo, na klabu yoyote ikisikia uvumi huo haisubiri ushahidi. Tayari timu moja iliyokuwa inaniulizia imenyamaza. Mdogo wangu wa kiume amepigana shuleni kwa ajili ya maneno yale.

Mimi sijawahi kuweka mkeka. Simu yangu iko tayari, na taarifa zangu za M-Pesa za miezi sita nitazitoa kwa mchunguzi yeyote wa shirikisho la soka. Mtakachokiona humo ni kodi, unga, na nauli ya kurudi kwetu Luanda, Vihiga. Mwenye ushahidi aupeleke shirikishoni leo. Asiye nao arudi redioni, kipindi kile kile, saa ile ile, aseme alikosea.

5. KUFUNGWA BILA KUTUMIWA

Mmekataa kuniachilia. Viongozi wawili wa timu za ligi ya chini wamenieleza kwamba waliambiwa nina mkataba na kwamba mtu anayenitaka alete laki tatu. Kwangu mnasema sina thamani, kwao mnanipigia bei ya ng'ombe watano.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu majibu hayo nimeyasikia kwenye korido.

Mtasema hakuna pesa. Hilo nalijua kuliko mnavyodhani. Nilikuwa mwanafunzi mwaka 2019 mdhamini wa ligi kuu alipojiondoa, na mwaka huo huo nikaona timu ya kiwanda cha sukari, Sony ya Awendo, mabingwa wa 2006, ikiondolewa ligini kwa kukosa kufika mechi tatu. Soka la huku kwetu magharibi limeegemea viwanda vya sukari na mifuko ya watu wachache, na miwa ikinyauka mpira hunyauka. Lakini umaskini nao una namna yake ya kusemwa. Mngetuita, mkafungua daftari, mkasema zimeingia hizi zimetoka hizi, kila mmoja atapata nusu, mimi ningekuwa wa kwanza kupokea nusu. Badala yake mwezi Oktoba tulisafiri kwenda Nakuru usiku kwa matatu iliyopasuka gurudumu pale Londiani, tukala mkate na soda, na asubuhi tukaona wanakamati sita wakishuka kwenye magari mawili wakitoka hotelini. Mechi ile tulitoka sare. Sikufunga.

Mtasema hafungi, atalipwaje? Usiku paja linapoamka huwa nasoma habari za wachezaji waliokwama kama mimi, na hapo ndipo nilipokutana na mtu wa besiboli, Chris Davis wa Baltimore, Marekani. Mchezo wenyewe siujui vizuri. Mtu anasimama na gongo, anarushiwa mpira mdogo kwa kasi ya kutisha, kazi yake ni kuupiga mahali ambapo hautadakwa. Davis alikuwa mpigaji hodari. Mwaka 2016 klabu yake ikampa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161. Halafu mkono ukamkataa. Kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019 alisimama mara 54 zinazohesabiwa mfululizo bila pigo hata moja la kufaulu, rekodi mbaya ambayo mpigaji mwingine hajawahi kuifikia. Mashabiki wake wenyewe walimzomea. Alipofanikiwa hatimaye, Aprili 13, 2019, ugenini Boston, aliomba mpira ule uhifadhiwe. Alistaafu mwaka 2021. Mshahara wake? Klabu iliulipa, na sehemu iliyokubaliwa kuahirishwa anaendelea kulipwa hadi mwaka 2037. Waliona wamefanya biashara mbaya, wakameza mate, wakaheshimu saini yao.

Sijilinganishi na mtu wa dola milioni 161. Mimi ni mtu wa shilingi elfu thelathini na tano. Lakini wino ni wino. Na hapa nyumbani tunaye mshambuliaji Michael Olunga, aliyefunga mabao manane katika mechi moja kule Japani mwezi Novemba 2019. Naye kuna siku nyingi ametoka uwanjani mikono mitupu, na sijasikia kabati lake likifunguliwa.

Mtasema nimekosa heshima kuwaanika hadharani, kwamba ya nyumbani humalizwa nyumbani. Mzee, nilibisha mlango wa nyumba mara mbili, na muhuri wa mara ya kwanza ninao.

Sasa ninachoomba.

Ndani ya siku 15 tangu leo, mnilipe shilingi 147,000. Siku hizo sikuziokota njiani. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis, zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake ana haki ya kuvunja mkataba, mradi amempa mwajiri onyo la maandishi na siku 15 za kulipa. Mimi nimefikisha minne. Hii basi ndiyo notisi, na nakala iliyotiwa saini itafika ofisini kesho ili msiseme mliisoma kwenye simu ya mtu. Kama hamna zote, leteni ratiba ya kulipa yenye saini ya Mweka Hazina, nitaisoma kwa moyo safi.

Gharama za hospitali, shilingi 18,400, warudishiwe wachezaji walionichangia. Orodha yao ninayo, na kila mtu na alichotoa. Wa mwisho kwenye orodha ni yule kijana aliyevaa jezi yangu, shilingi mia mbili.

Maneno ya redioni yafutwe, au yathibitishwe.

La mwisho: mniite kikaoni mniambie kama mnanihitaji. Mkinihitaji, nirudi mazoezini na wenzangu, nianze hata na timu ya pili, nipangwe nikistahili na nikalie benchi nisipostahili. Kuhusu benchi sitalalamika hata siku moja. Kupanga timu ni kazi ya kocha. Msiponihitaji, nipeni barua ya kuniachilia kabla ya dirisha dogo la usajili kufungwa, bila bei, tupeane mikono. Siku 15 zikipita kimya, nitakwenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, na huko tutasomeana mkataba, pamoja na ukurasa wa tatu.

Wakati huo huo sijagoma. Nimeanza kukimbia tena, mbio za taratibu, na jana nilipiga mashuti thelathini kwa mguu wa kulia bila kusikia ule uzi. Mlinzi wa uwanja ndiye aliyenidakia, akiwa amevaa gambuti zake. Nimemfunga 22. Kesho saa nane nitakuwepo, kama mlivyoniamuru, na mkituma mtu atanikuta.

Wako mwaminifu,

Mshambuliaji wenu, aliyekuwa jezi nambari 19

Nakala kwa:
Nahodha wa timu
KEFWA, chama cha maslahi ya wanasoka
Mama, Luanda (dada atamsomea, na ile sehemu ya sindano airuke)